Noah inakunywa mafuta? Nimezipima sensa tatu kwenye sufuria

Mambo vipi wadau, karibuni uani. Gari hii nyuma yangu ni Noah SR40, injini 3S, na kwa miezi miwili imekuwa ikinywa mafuta kama ina kinyongo na mimi. Asubuhi moshi mweusi, harufu ya petroli hadi kwa jirani. Nimebadilisha plagi, nimesafisha nozeli, wapi! Fundi mmoja akaniambia sensa ya joto ni nzima, si unaona geji inasoma vizuri?

Hapo ndipo wengi tunapoingia mkenge. Nimenyanyua siti ya mbele, maana injini ya Noah mnaikalia. Sogeza kamera. Pale maji yanapotokea kwenye silinda hedi, sensa za joto zipo mbili. Hii ya waya mmoja ni ya geji. Hii ya waya mbili ndiyo inayoongea na kompyuta. Geji inaweza kusoma sawa huku kompyuta ikidanganywa kwamba injini bado ya baridi, nayo inazidi kumwaga petroli. Na taa ya injini haiwaki, kwa sababu kompyuta hii ya zamani inashtuka waya ukikatika au ukipiga shoti, si sensa ikidanganya kistaarabu.

Sasa bidhaa. Nina ya zamani, nina mpya ya 15,000 kwenye boksi lenye jina kubwa, jina silisemi maana mwenye jina nadhani hata haijui sensa hii, na nina ya mtumba ya 10,000. Zote nimezitumbukiza kwenye sufuria ya maji, ncha tu, mita ya umeme imeshika pini mbili. Kwenye nyuzi 20 sensa nzima inatakiwa isome ukinzani wa kati ya omu 2,000 na 3,000, kwenye nyuzi 80 kati ya 200 na 400.

Ya zamani imekwama kwenye 2,100, maji yanakaribia kuchemka. Hii mpya inayong'aa ilianza vizuri, 2,500. Nyuzi 80? 950! Hiyo kompyuta inaisoma kama nyuzi 40 hivi. Yaani ningeifunga, ningeendelea kunywesha. Ya mtumba, chafu hivi mnavyoiona: 320.

Kufunga si kazi. Injini iwe imepoa kabisa, msije mkachemshwa uso. Soketi ya waya ichomoeni kwa kubonyeza klipu, msivute waya, plastiki ya miaka hii yote inakatika kama biskuti. Fungueni kwa spana ya boksi namba 19 ndefu, wekeni washa mpya (ile ringi ya kuzuia kuvuja), na kidole kiwe tayari kuziba tundu maji yasimwagike. Kisha jazeni rejeta na mtoe hewa.

Tangu juzi moshi hakuna, sailensa imetulia. Hii ya 15,000 kesho inarudi dukani, na sufuria naenda nayo.