Famasi ya Chikongola niliyofanyia fildi: nyota nne

Wadogo zangu wa mwaka wa pili mnaorudi Kusini likizo hii mmeniuliza sana: mtu anayesoma famasia akafanye wapi mafunzo kwa vitendo Mtwara mjini, hospitali au dukani? Mimi nasema dukani, na duka lenyewe ni famasi moja ya Chikongola, ya mlango wa kijani na benchi la mbao barazani. Jina silitaji, mwenyewe kaniomba. Anasema wateja alionao wanamtosha, na mwanafunzi mwenye nia ataulizia mpaka afike. Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitasema imekwenda wapi.

Mwaka jana nilipangiwa hospitali kubwa ya mkoa mwingine. Kule nilihesabu maboksi. Asubuhi maboksi, mchana leja, jioni maboksi tena. Mgonjwa nilimwona kupitia tundu la dirisha, namsukumia bahasha: "Moja mara tatu, anayefuata!" Sisemi stoo haina elimu, kanuni ya dawa inayokaribia kuisha muda kutoka kwanza iliniingia kule, na haijatoka. Lakini ukimaliza miaka minne ya shahada na mwaka mmoja wa utarajali, ukasajiliwa na Baraza la Famasi, utasimama mbele ya mtu mwenye homa anayekuuliza afanye nini. Maboksi hayakuandai kwa hilo.

Mwenye duka ni mfamasia mwenyewe, mama wa makamo, mkali wa sauti ya chini. Wateja wanamwita dokta, sisi wanafunzi tunamwita mama. Amri yake ni moja tu: mkono hauendi kwenye shelfu kabla mdomo haujauliza. Mteja akitaja dawa, wewe unaanza na mgonjwa.

Mfano mmoja utawatosha. Aliingia mzee, katoka Msangamkuu, kavuka asubuhi, ana haraka ya kuwahi kurudi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nipe rangi mbili za buku."

Anataka zile kapsuli za kuua bakteria, za shilingi elfu. Mnajua maduka mengi yangefanya nini. Mkasi, stripu inakatwa, kapsuli chache zinaangukia kwenye bahasha, buku linaingia droo. Mama hakugusa mkasi.

"Za nani, baba?"

"Mjukuu wangu. Anaharisha tangu juzi."

"Pole. Ana umri gani? Kinyesi kina damu? Anatapika? Ananyonya?"

Mtoto wa mwaka na nusu. Damu hapana, kutapika hapana, ananyonya, na asubuhi kaachwa anacheza uwanjani. Kapsuli ya kuua bakteria kwa mtoto wa aina hiyo haina kazi. Kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, na rangi mbili hazivigusi. Zinachofanya ni kufundisha bakteria wengine usugu, halafu siku tukiwa na nimonia ya kweli dawa inagoma. Haya yote tumeyasoma. Sikuwahi kusoma namna ya kumwambia mzee aliyevuka maji kwamba alichokijia hakipati.

Mama alimpa ORS, ile chumvi ya kukoroga kwenye maji, na zinki. Akachukua chupa mbili tupu za nusu lita, akazisimamisha kaunta: "Pakiti moja, maji safi ya kunywa ya chupa hizi mbili, baba, zote mbili zijae. Ukipunguza maji, chumvi inazidi. Yakilala mpaka kesho saa hizi, mwaga, koroga mengine." Zinki, kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10, kinayeyushwa kwenye kijiko, na asiache hata kama kuhara kumekatika siku ya tatu. Kisha akamtajia dalili za kumkimbiza mtoto Hospitali ya Ligula bila kupitia dukani: damu kwenye kinyesi, kutapika kila anachopewa, macho kudidimia, kushindwa kunyonya. Akamtaka mzee arudie yote. Mzee akarudia, huku ananung'unika kwamba kaja kununua dawa anauziwa chumvi. Hakurudi kutushukuru, na wala mama hakumngojea.

Swali la pili la mama, ambalo sijaliona kwenye noti za mhadhara wowote, ni "Unafanya kazi gani?" Kwa Mtwara hili swali ni nusu ya uchunguzi. Kuanzia mikorosho inapotoa maua watu wanapulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na hapo dukani mnajaa vikohozi, macho mekundu na makoo yanayowasha. Anayekuja anaomba amoksi (amoksilini, dawa ya kuua bakteria) ya kifua. Ukimuuliza kazi, anakwambia katoka shamba, kapulizia tangu alfajiri, kitambaa puani hakuna. Huyo anahitaji kuosha macho kwa maji mengi, kuoga, kubadili nguo na kujifunika vizuri safari ijayo. Mwenye pumu akibanwa, hiyo ni safari ya hospitali. Amoksi haihusiki.

Au mwanamke anayebangua korosho. Vitabu vina picha nzuri za fangasi na pumu ya ngozi, nyingi kwenye ngozi nyeupe, lakini vidole hivi havimo: ncha zimekuwa nyeusi, ngozi imekauka na kubanduka vipande vipande, pembeni pana malengelenge. Ni mafuta ya ganda la korosho, yanachoma. Mteja ameshatumia krimu ya fangasi ya jirani na sasa anataka "ile kali zaidi". Mama aliishika ile mikono, akaigeuza, akauliza kazi, akamweleza apake mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kubangua na kuosha kwa sabuni kila akipumzika. Vidonda vilivyoanza kutoa usaha akamwambia vikaonwe na daktari. Krimu kali haikuuzwa. Hapo nilihesabu hasara kichwani, bila shaka na yeye pia.

Hesabu za dozi mtazifanya mpaka mziote. Mtoto wa kilo 12 ana homa, parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, ni 180. Sirapu ina 120 kwenye mililita 5, basi mpe 7.5. Darasani ukifika hapo unapigiwa tiki na kwenda kula. Hapa mama anakuuliza: "7.5 atazipima na nini?" Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, kila kimoja na ujazo wake. Kwa hiyo unachukua bomba la sindano lisilo na sindano, unachora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, unamwachia mzazi avute maji mbele yako mpaka mstarini. Kwa amoksi ya unga vilevile: gonga chupa unga uachane, tia maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kwanza, tikisa, jazia mpaka alama, tikisa tena, andika tarehe ya kuimwaga. Wazazi wengi huongeza maji povu linaposhuka wakidhani dawa imepungua. Unalisema hilo kabla hawajaondoka.

Utunzaji wa dawa nao ni wa kuigwa. Kipimajoto kipo ukutani na kinasomwa asubuhi na alasiri, si pambo la kumwonyesha mkaguzi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, akija. Joto letu na unyevu wa bahari si mchezo. Boksi limeandikwa lisizidi nyuzi 30 na nje ni 32, sasa ufanyeje bila kiyoyozi? Anacho, na kinavuja maji mguuni kwako. Friji la insulini linakaa kati ya 2 na 8, na umeme ukikatika kijenereta kinavutwa kamba kabla ya feni kufikiriwa. (Gesi ya Mnazi Bay inasafiri kwa bomba mpaka Dar, nasi bado tunavuta kamba. Tuyaache hayo.)

Sasa nyota ya tano.

Kwanza, mnasimama. Kutwa nzima. Kiti ni kimoja, na ni cha mgonjwa. Posho hakuna, chakula cha mchana mnajitegemea, na mama ntilie wa pembeni anaishiwa samaki mapema. Pili, atakusahihisha mbele ya mteja, bila kukuita pembeni. Wenye roho nyepesi waende wakijua. Mwenzangu mmoja alihamia kwingine kwa sababu hiyo tu, na simlaumu. Tatu, anayetaka kujifunza kuchanganya dawa, marhamu na maji ya hospitali, hapa hapati. Na nne, linaloniudhi kuliko yote: kwenye shelfu la usawa wa macho kuna vitamini na sirapu za kuongeza hamu ya kula ambazo yeye mwenyewe anajua wengi wanaozinunua hawazihitaji. Nilimuuliza. Akanijibu kwamba mzee wa rangi mbili anaondoka na faida ndogo, na kodi ya pango haiulizi mzee alishauriwa nini. Jibu la kweli, ila halijaniridhisha. Mteja wa vitamini haulizwi maswali kama yule wa amoksi, na mkono wetu ulikwenda kwenye shelfu lile bila mdomo kufunguka.

Hilo pia ni somo la taaluma tunayoiendea, nadhani. Mfamasia wa hospitali ana mshahara. Wa duka ana ushauri wa bure na bidhaa za kuuza, vyote kwenye kaunta moja. Chuoni tulipewa maadili kwa mihadhara miwili na maswali ya kuchagua.

Kwa anayetaka kwenda: barua ya chuo ipeleke mwenyewe asubuhi, duka likifunguliwa, maana jioni halijibu mtu. Anachukua wanafunzi wawili kwa wakati, si zaidi. Koti jeupe lifike limepigwa pasi. Kitabu cha kumbukumbu anakisaini Ijumaa tu, na anakisoma kweli, kwa hiyo msiandike "nilishiriki kutoa dawa" siku tano mfululizo. Atawarudishia muandike dawa gani, kwa nani, na mlimuuliza nini. Kama mnajua Kimakonde kidogo, mtakula sahani moja na wateja. Na viatu viwe vya chini.