LibreOffice katika steshenari yangu ya Moshi: uzoefu wangu

Ninaendesha steshenari Moshi mjini, na kazi zetu nyingi ni ripoti za utafiti za wanachuo, wasifu wa waombaji ajira na mihutasari ya mikutano ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa. Programu ya ofisi tuliyokuwa nayo awali ililipiwa kila mwaka, na malipo yalipokwisha ilituruhusu kusoma nyaraka zetu wenyewe lakini ikatuzuia kuzihariri. Jambo hilo liliniudhi kuliko bei yenyewe, ndipo nikahamia LibreOffice, programu huria ya ofisi isiyolipiwa.

Ninachokithamini zaidi ni leseni yake. Kampuni ya Oracle ilipoinunua kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2010 na kuwa mmiliki mpya wa OpenOffice.org, programu iliyoitangulia LibreOffice, watengenezaji wengi waliingiwa na wasiwasi juu ya hatima ya kazi yao. Lakini kwa kuwa leseni huria iliwapa haki ya kuuchukua msimbo (maandishi yanayoiunda programu) na kuuendeleza, Septemba mwaka huohuo walitangaza taasisi ya The Document Foundation, na LibreOffice ikazaliwa. Leseni ya kibiashara isingewaachia mlango huo. Leo inatolewa chini ya leseni huria ya Mozilla, toleo la 2.0, nami nimeisakinisha kwenye kompyuta zote za duka kihalali bila kulipia hata moja.

Ugumu huja mteja anapoleta faili la docx, yaani la Microsoft Word, kwenye flashi: mistari inaweza kuhama, jedwali likakatika, na mwanachuo aliyekwisha kupanga namba za kurasa akalazimika kuanza upya. Mara nyingi chanzo ni fonti, yaani miundo ya herufi. Calibri na Cambria zina leseni ya kibiashara, hivyo haziwezi kugawiwa pamoja na programu huria; badala yake zipo Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule. Kwenye kompyuta zangu za Linux hazikuwepo, na nilipoziongeza, kurasa nyingi zilitulia.

ODF, muundo wa faili wa LibreOffice, ni kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu mwaka 2006, miaka miwili kabla ya muundo wa docx kukubaliwa, na bado wasimamizi wa tafiti wanadai docx pekee. Naona hiyo si haki kwa mwanafunzi asiye na uwezo wa kulipia. Hapa dukani tunahifadhi kwa odt (faili la maandishi la ODF) na kuchapa kutoka PDF.

Ofisi inayotegemea makro (amri zinazojiendesha zenyewe) za Excel ijaribu faili zake kwanza, kwa sababu si makro zote zinazofanya kazi. Kwa kazi za kuchapa, ninaipendekeza bila kusita.