Miaka miwili ndani ya mita za mraba 54: nyumba na ofisi chini ya bati moja

Tulipowapeleka wasanifu majengo kwenye kiwanja chetu cha Kibaha, ndugu walishatupangia vyumba vinne na sebule mbili. Sisi tuko watatu: mke wangu hushona, mimi nahariri na kutafsiri, na mtoto mmoja. Tukaomba nyumba ndogo ya kuishi na kufanyia kazi, isiyohitaji kiyoyozi, kuta zake zitoke kwenye udongo wa karibu. Tukachorewa mstatili wa mita 9 kwa 6: vyumba viwili vya kulala, sebule yenye jiko humo humo, bafu na choo, na chumba cha kazi. Tulihamia Januari 2023. Niliona nikae kwanza misimu ya mvua ipite, ndipo niseme ramani yao imepatia wapi na imekosea wapi.

Kitu ninachowasifia wasanifu zaidi ni mlango. Chumba cha kazi kina mlango wake unaofungukia barazani. Mteja wa gauni anafika, anakaa barazani, anaingia, anapimwa, anaondoka, wala hajui kama vyombo vya mchana vimeoshwa. Wazee wa pwani walilijua hili zamani. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, maongezi na biashara huishia hapo, na ndani ni ndani. Ninao marafiki wenye nyumba mara tatu ya yetu ambao wateja wao hukatiza sebuleni na kumkuta mzee amejilaza na msuli.

Upepo nao waliufikiria kweli. Ubavu mrefu wa nyumba unatazama kaskazini na mwingine kusini, madirisha yanatazamana, basi kusi na kaskazi vyote vinapita bila kuzuiwa. Magharibi, kunakopiga jua la alasiri, kuna kidirisha cha bafu tu. Paa limetokeza sentimita 90 nje ya ukuta, kwa hiyo hata Juni, jua la mchana linapokaa upande wa kaskazini, meza yangu iko kivulini. Feni naiwasha, lakini kiyoyozi sijakiwaza.

Kuta ni za matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa kwa kuni. Yetu ni sentimita 30 kwa 15 kwa 10, yaani kama 33 kwa kila mita ya mraba. Hapa naomba nikae kidogo, maana wengi huniuliza. Udongo si wowote tu. Fundi alichimba akapita tabaka la juu lenye mizizi, akatia udongo kwenye chupa ya maji, akatikisa, akauacha utuame: mchanga ukakaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi tofali linapasuka likikauka, na mchanga mtupu haushikani. Baada ya kufyatua, matofali yalikaa kivulini yakimwagiliwa maji siku saba, kisha yakaachwa yakomae. Nje hatukupiga plasta, na hapo ndipo tulipookoa pesa. Ila mstari wa kwanza ukienda mrama ukuta wote unaufuata; wetu ulibomolewa na kuanzwa upya, fundi akanuna siku nzima.

Sasa makosa. Paa linamwaga maji pande mbili, lakini ramani ilionyesha mfereji wa kuyakinga upande mmoja tu. Paa letu pamoja na hayo matokezo lina kama mita za mraba 84, na milimita 10 za mvua juu yake ni lita 840. Nusu yake ilikuwa ikichimba mtaro nyuma ya choo huku tangi la lita 5,000 likisubiri. Mfereji wa pili tumeuweka kwa pesa zetu.

Jiko la wazi linapendeza kwenye picha. Ukikaanga dagaa saa tano, harufu inafika kwenye kitambaa cha harusi ya mtu. Tumeweka mlango ambao ramani haikuwa nao. Na hakuna aliyetuonya kuhusu kelele: mvua ya masika ikilipiga bati, mkutano wa mtandaoni umekwisha. Dari yetu ni nyembamba mno.

Sola inatosha kazi yangu. Kompyuta wati 60, feni 50, ruta 10, kwa saa nane ni kama uniti moja. Pasi ya mke wangu haipandi huko, hiyo inasubiri umeme wa gridi.

Tuliambiwa chumba cha kazi kitakuwa pia cha wageni, kitanda cha kukunjua kipo. Mama mkwe akaja kukaa siku kumi. Ukiwa mkwe huwezi kumgongea mama mkwe mlango asubuhi akiwa usingizini eti unatafuta kamusi, kwa hiyo ofisi ilihamia chini ya mwembe, waya wa umeme ukipita dirishani.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nimewarudishia ramani waongeze stoo ya vitambaa na mfereji wa pili uonekane kwenye mchoro. Wamekubali kuichora bila malipo, na nimewaambia kabisa wasiguse mlango wa barazani.