Vifurushi vitatu vya mishumaa ya mkono vilivyofika Tanga kwa basi

Tathmini hii inahusu namna mafundi watatu wa mishumaa ya mkono walivyofunga bidhaa zao, na hali ambayo bidhaa hizo zilikuwa nayo zilipofunguliwa baada ya safari. Nina duka dogo la zawadi mjini Tanga, na kwa kuwa mafundi wengi wa mishumaa ninaowafahamu wako Arusha na Dar es Salaam, karibu kila mshumaa unaokaa kwenye rafu zangu umepitia buti la basi na ofisi ya vifurushi ya stendi ya Kange. Sitawataja kwa majina, kwa sababu wote watatu ni wajasiriamali wadogo ambao huenda wakabadilisha ufungaji wao mwezi ujao, na kwa sababu kasoro nilizoziona kwao zimeenea katika biashara nzima. Hukumu yangu naitoa mapema: mafundi wetu wamejua kulinda kioo, ila wengi wao bado hawajui kulinda nta.

Kioo kinaogopa kishindo tu, ilhali nta inaogopa kishindo, joto na kulazwa. Nta ya soya inayomiminwa kwenye bilauri huyeyuka kwenye nyuzi joto 50 hivi, aina nyingine chini kidogo na nyingine juu kidogo, na huanza kulegea kabla ya kufika hapo. Nta ya nyuki huvumilia hadi nyuzi 62 au 64. Mafuta ya nazi, ambayo baadhi ya mafundi huyachanganya ili uso wa mshumaa uwe laini, huyeyuka kwenye nyuzi 24 tu, kwa hiyo hapa pwani huwa majimaji karibu mwaka mzima. Basi linaloondoka Arusha asubuhi hupita Moshi na Same, likateremka hadi Mombo na Korogwe katika tambarare iliyo chini ya milima ya Upare na Usambara wakati jua liko utosini, kisha likasimama Segera kabla ya kukata kuelekea Muheza na Tanga. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 400, na buti ni chumba cha bati kisicho na dirisha, kwa hiyo mzigo uliomo hupata joto kali kuliko abiria anayelalamika juu yake.

Kifurushi cha kwanza kilitoka Arusha, na kwa uzuri wa kufungwa sijaona kinachokikaribia. Ndani ya boksi kubwa la kaki kulikuwa na mishumaa ya soya katika bilauri za kioo kizito, kila mmoja ndani ya boksi lake dogo la rangi ya udongo, lebo zimechapishwa kwa herufi nyembamba zenye staha, na kamba ya katani imezungushwa mara mbili na kushikizwa kijiti cha mdalasini. Anayefungua hukutana kwanza na karatasi ya shashi iliyokunjwa kwa uangalifu, kisha kadi yenye salamu iliyoandikwa kwa mkono, na mwisho harufu yenyewe. Kwa mtu anayenunua zawadi, kule kufunua tabaka baada ya tabaka ni sehemu ya kitu anacholipia, na fundi huyu analielewa jambo hilo vizuri. Niseme pia kwamba katani hiyo, ambayo yamkini ilitoka mashamba ya mkoa wetu, ilinifurahisha kwa sababu zisizohusiana na tathmini hii.

Hakuna bilauri iliyovunjika. Kila moja ilibanwa kwa pete ya kadibodi ya mawimbi juu na chini, na kati ya maboksi madogo na ukuta wa boksi kubwa paliachwa nafasi ya sentimita 5 hivi iliyojazwa karatasi. Hata hivyo, kijana aliyenikabidhi mzigo pale Kange alinisalimu na kuniuliza, “Mama, humu ndani kuna manukato? Naona kama yamemwagika,” na swali lake lilikuwa na msingi. Nilipofungua, nta katika bilauri nyingi ilikuwa imeinamia upande mmoja na kuganda hivyo hivyo, ishara kwamba boksi lilisafiri likiwa limelazwa na kwamba nta ililegea njiani. Mafuta ya manukato yalijitenga, yakapanda juu ya nta, yakapenya chini ya kifuniko cha mbao na kuzitia zile lebo nzuri madoa yasiyofutika. Kwenye baadhi ya bilauri nta iliachana na kioo na kuacha mabaka yanayofanana na unyevu. Mabaka hayo hayadhuru uwakaji wa mshumaa, na fundi yeyote atakueleza hivyo, ila mteja aliyesimama mbele ya rafu hana fundi wa kumweleza.

Lawama kubwa naitupia kifuniko. Kifuniko cha mbao kinachokaa tu juu ya bilauri bila kubana ni pambo la picha, na kinafaa kwa mshumaa utakaochukuliwa dukani na kubebwa mkononi hadi nyumbani. Kwa mshumaa wa safari panahitajika kifuniko chenye mpira wa kubana pembezoni, au kwa uchache kipande cha duara cha karatasi ya kuokea kilicholazwa juu ya nta, ambacho pia huzuia utambi kupinda. Ipo hoja kwamba nta ikiyeyuka kabisa hakuna kifuniko kitakachoiokoa, nami naikubali, lakini bilauri nilizopokea hazikuwa zimeyeyuka kabisa. Zililegea tu, na mafuta yake yakapata njia.

Dosari nyingine ni zile karatasi zilizochanwa nyuzinyuzi ambazo fundi alizijazia kwenye mapengo. Zinapendeza mno kwenye picha, lakini mtikisiko wa barabara huzishindilia chini polepole, na boksi lililojaa pomoni Arusha hufika kwetu likiwa na pengo upande wa juu, ambalo ndilo huruhusu vitu kucheza. Karatasi nzima ya kaki iliyofinyangwa kwa mkono hujitutumua tena kila ikibanwa, hugharimu kidogo, na haimwachii mteja kazi ya kuokota vijinyuzi kwenye zulia. Randa za seremala, ambazo nimeziona kwa fundi mwingine, ni mbaya zaidi kwa sababu vumbi lake hunata kwenye nta iliyolegea na halitoki. Vipande vyeupe vya polistirini pia sivipendekezi kwa mishumaa yenye manukato ya machungwa au malimau, kwa kuwa limonini iliyomo kwenye mafuta hayo huyeyusha polistirini, na palipo na mvujo vipande huanza kunata.

Kifurushi cha pili, kutoka Dar es Salaam, kilinichekesha. Mishumaa ilikuwa ndani ya makopo ya bati, makopo yakapangwa kwenye boksi lililowahi kubeba sabuni za mche, yakatenganishwa kwa vipande vya trei za mayai na kuzibwa kwa magazeti ya zamani. Nililishika boksi na kulitikisa, halikutoa sauti yoyote, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko maelezo ya muuzaji. Vifuniko vya makopo vilikuwa vya kuzungusha, kwa hiyo hata pale nta ilipolegea haikuwa na pa kwenda, na uso wake uliganda tena bila kuonyesha dalili ya maana. Trei la mayai, likiwa limefinyangwa kwa karatasi iliyopondwa, humeza mishtuko vizuri na hupatikana kwenye kila genge.

Kwa usalama nampa fundi huyu alama ya juu kabisa, na kwa mvuto simpi hata moja. Wino wa magazeti ulipakaa kwenye lebo nyeupe, na vifuniko vilinukia sabuni ya kufulia kiasi kwamba mshumaa wa mchaichai ulihitaji kuanikwa kivulini kabla sijauweka dukani. Dawa yake ni ndogo: kila kopo livikwe karatasi safi kabla ya gazeti kuligusa, na boksi liwe lile lililobeba vitu visivyo na harufu. Sina ugomvi na boksi lililotumika, mradi pembe zake ziwe ngumu na halijawahi kulowa, kwa kuwa kadibodi iliyowahi kulowa hulegea na kubonyea inapobebeshwa magunia.

Kifurushi cha tatu kilitoka kwa fundi mwingine wa Arusha anayetumia nta ya nyuki ya Tabora, na ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii. Mishumaa yake mirefu hutengenezwa kwa kuchovywa, miwili miwili kwa utambi mmoja, naye huiuza ikiwa bado imeunganishwa, jambo ambalo ni zuri kwa macho na la busara kwa usafirishaji. Kila mmoja alikuwa ameuvika karatasi ya shashi ili isisuguane, kisha jozi nzima akailaza kwenye sinia jembamba la kadibodi lenye mikato inayoushika mshumaa katika sehemu tatu, ili usipinde katikati joto likizidi. Juu yake alifunga ukanda wa ukili uliotiwa rangi ya zambarau. Sinia hilo lenyewe ndilo zawadi, maana mteja hulichukua dukani kama lilivyo na halihitaji mfuko mwingine, ingawa tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya kaki si haba.

Alichonizidi nacho maarifa ni kadi ndogo iliyoeleza kwamba nta ya nyuki hutoa ukungu mweupe juu yake kadiri inavyokaa, kwamba ukungu huo si uchakavu wala uchafu, na kwamba hutoweka ukifutwa kwa kitambaa laini. Kabla ya kadi hiyo nilikuwa nikijibu swali hilo kaunta mara kwa mara. Kasoro moja ninayo juu yake: mishumaa yake minene aliiweka kwenye vikapu vidogo vya ukili, na njiani msuko wa kikapu ulijichora kwenye kitako cha kila mshumaa. Duara la kadi ngumu chini yake lingetosha kuzuia hilo.

Katika usalama wa moto, mafundi hawa watatu walitofautiana kuliko nilivyotarajia. Yule wa kwanza alitia kichupa cha njiti za kiberiti kama zawadi, chenye ukanda wa kuwashia uliogundishwa kwenye kitako chake. Ni kitu kizuri mezani, na ni kitu ambacho hakikupaswa kuwamo. Mshumaa wenyewe kwa kawaida hauhesabiwi kuwa mzigo hatari, lakini viberiti vimo katika daraja la 4.1 la bidhaa hatari, yaani vitu vigumu vinavyoshika moto kwa urahisi, na havifai kuchanganywa na vifurushi vya kawaida, iwe kwa Posta au kwa basi. Kwamba ofisi ya vifurushi haikuuliza kilichomo hakuondoi hatari ya kuweka njiti, mafuta ya manukato na karatasi kavu pamoja katika buti lenye joto.

Kuhusu maelekezo ya matumizi, fundi wa pili hakuweka chochote. Wa kwanza aliweka vijipicha vya onyo vya aina inayotakiwa Ulaya na kiwango cha EN 15494, vidogo mno na bila neno hata moja la Kiswahili. Wa tatu aliandika kwa Kiswahili kinachosomeka kwenye stika ya kitako: usiache mshumaa ukiwaka bila mtu, uweke mbali na watoto na mapazia, kata utambi ubaki milimita 5 hivi kabla ya kuwasha. Hakuna aliyetaja chandarua, nami naona kwamba katika nyumba za pwani hicho ndicho kitambaa kilicho karibu zaidi na mshumaa wa chumbani.

Boksi la nje halihitaji uzuri wowote. Utepe unaofungwa nje hunasa kwenye mizigo mingine na kukatika, na jina la bidhaa lililoandikwa kwa madoido halimsaidii mpakiaji. Kinachomsaidia ni mshale wa kuelekea juu katika pande zote nne, maneno “Kioo, usilaze” kwa kalamu nene, na namba ya simu ya mpokeaji iliyoandikwa juu na pembeni, pamoja na selotepu pana iliyopita kwenye kiungo cha katikati na kingo zote mbili, juu na chini. Saa ya kutuma nayo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, sioni sababu ya kuipitisha mishumaa ya soya Korogwe adhuhuri, hasa kati ya Januari na Machi, na wale wasioweza kutuma usiku wangefanya vyema kusubiri kipupwe au kutuma makopo badala ya bilauri.

Fundi wa kwanza nilimpigia simu na kumtumia picha za lebo zilizochafuka. Alizipokea kwa ustaarabu na akanipa vifuniko vya kubana vya aina mbili nichague. Vinaongeza gharama ya kila mshumaa, na tumekubaliana kuigawana nusu kwa nusu. Agizo lijalo litaletwa na basi la usiku, bila njiti za kiberiti, na kile kijiti cha mdalasini nimemwomba asikiondoe.