Sabuni na oili ya baiskeli ya nchi za theluji, nimeijaribu hapa hapa Malindi miezi saba

Dada yangu mkubwa na mumewe wanakaa Stockholm, na mwezi wa sita walipokuja likizo shemeji akanibebea kifuko cha kuoshea baiskeli, vile vitu wenzetu wanatumia huko msimu wa baridi. Ndani mna chupa ya sabuni ya kupuliza, chupa ya dawa ya kukata grisi, brashi tatu na kichupa cha oili ya cheni cha mililita 100, ile nzito ya mvua na matope. Jina la kampuni siweki, kwanza sikununua mimi, pili hapa Malindi sijakiona dukani, na vitu vyenyewe ni vile vile kampuni zote zinauza kwa hivyo nikisema oili nzito iko hivi ama brashi iko vile mtu atapima mwenyewe kama aagizie ndugu zake ama pesa akale viazi karai.

Mimi naendesha kila siku ya kazi, Barani mpaka Mambrui na kurudi, navuka daraja la Sabaki asubuhi na jioni. Baiskeli ni mtumba ya gia, si ile Black Mamba ya babu ambayo hata ukiisahau kisimani mwaka mzima inatoka inalia tu kidogo na safari inaendelea. Hii yangu ina cheni nyembamba na vijidude vidogo vidogo, ukiikosea heshima inakuumbua barabarani. Na mimi nina tabia mbaya, maji ya bahari yakitoka nakata kwa ufuoni manake mchanga wa pale ukilowa unakuwa mgumu unateleza juu yake kama lami, raha yake siwezi kuieleza, gharama yake ndio nitaieleza hapa.

Nilipofungua kile kifuko nilicheka. Theluji na Malindi wapi na wapi? Sisi baridi yetu ni kipupwe, mwezi wa saba alfajiri ikishuka mpaka 22 watu wa boda washavaa majaketi na kofia za sufi. Shemeji akanikalisha barazani akaniambia wewe hujaelewa, huko baiskeli haiuliwi na theluji, inauliwa na chumvi. Ikishuka chini ya sifuri manispaa inaleta mashine yenye brashi kubwa inafagia theluji njia ya baiskeli halafu inapuliza maji ya chumvi ili pasigande, manake maji ya chumvi yanachelewa kuganda kuliko maji matupu. Sasa wewe unapita na tairi zako zenye vijimisumari hujaanguka, alhamdulillahi, lakini ile chumvi yote imerukia kwenye cheni, kwenye spoku, kwenye nyaya za breki. Ukifika nyumbani umevaa chumvi kama ng'onda.

Hapo nikanyamaza. Manake mimi chumvi sihitaji manispaa iniletee, naipata bure. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, na msimu wa kusi upepo unapuliza kutoka baharini masaa yote, hata kioo cha dirisha ukikipitisha kidole kinanata. Na juu ya Mambrui kidogo tu ni Gongoni, mashamba ya chumvi yenyewe, maji ya bahari yanaanikwa kwenye madimbwi mpaka yanabaki meupe. Kwa hivyo tuko sawa na Stockholm ila wao wana chumvi miezi michache sisi mwaka mzima, halafu sisi tuna joto. Na kutu ni kama unga wa mahamri, kwenye joto ndio inaumuka haraka. Shemeji anasema hata kwao ukirudi na baiskeli ina chumvi hujaiosha ni afadhali uiwache nje kwenye baridi kuliko kuiingiza sebuleni penye hita, ndani italika haraka zaidi. Sasa mimi sebule yangu ni Malindi nzima.

Kuosha kwenyewe kwao kuna masharti. Chini ya sifuri huoshi nje, maji yanakugandia kwenye fraimu ukiangalia. Unaosha chini ya jengo ama bafuni (dada analalamika sana hapa) na maji ya uvuguvugu ya ndoo, si ya kuchemka, halafu unakausha kabisa kabla ya kuitoa nje, kwa sababu maji yakibaki ndani ya waya wa breki yanaganda unavuta breki haiji, na yakiingia ndani ya frihwili, yale meno ya gia ya gurudumu la nyuma, vile vijimeno vya ndani vinashikwa na barafu basi unapiga pedali zinazunguka bure umesimama pale pale kama mtu wa mazoezi. Nilicheka mpaka machozi. Dada hakucheka, ilishamtokea.

Shemeji ni mtu wa bara, na walipoondoka alinitumia voisi ndefu ya maelekezo, ndani yake akasema, usitumie maji baridi bwana, maji baridi hayatoi uchafu vizuri. Mamangu alikuwa anapita na sinia akasikia. Akasimama. "Huyo shemejio mzima kweli? Chumvi inatolewa na nini kama si maji baridi?" Kwake yeye maji baridi ni maji yasiyo ya chumvi, ndivyo watu wa pwani tunavyosema siku zote, habari ya jokofu haimo. Nikamwambia mama anamaanisha maji yaliyopoa, akasema basi angesema hivyo, akaenda zake. Ningemsikiza siku ile ile ningeokoa wiki sita.

Manake niliosha na nini? Maji ya kisima. Kisima chetu hakiko mbali na bahari na maji yake yana ule uchumvi, tunafulia, tunaoshea uani, chai hatupikii. Bomba lilikuwa halitoki mara kwa mara nikasema maji ni maji. Kila jumamosi napuliza sabuni ya Uswidi, nasugua, namwagia ndoo mbili za kisima, naegemeza ukutani, naipiga picha namtumia shemeji, inang'aa. Wiki ya sita hivi gia zikaanza kukwama nikaipeleka kwa fundi wangu pale Majengo, kijana mdogo lakini mikono yake ina akili. Hakuuliza kitu. Akaigeuza juu chini, akapitisha kidole pale spoku inapoingia kwenye rimu, kikatoka na unga mweupe, akauangalia, akauramba.

"Mzee, hii unaiosha baharini?"

Nikasema naiosha nyumbani na sabuni ya Ulaya. Akasema sabuni sijui, lakini maji unayomalizia yanakauka na kuacha chumvi pale pale ulipoitoa. Vichwa vinne vya spoku vilikuwa vimeshikana na rimu havizunguki, na ile paipu ya siti imegandana na fraimu, tuliitoa watu wawili na mafuta ya taa na dua. Ukitaka kujua chumvi inavyofanya kazi angalia kikopo cha chumvi jikoni msimu huu ukikiwacha wazi, kinalowa chenyewe mpaka watu wanatia punje za mchele ndani. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 chumvi inaanza kuuvuta inageuka maji, na pwani asilimia hiyo tunaipata kabla ya chai ya asubuhi. Yaani baiskeli umeikausha na taulo ukalala, yenyewe usiku inajilowesha tena.

Kwa hivyo sasa hivi nasugua na maji yoyote lakini ya mwisho lazima yawe baridi kwa maana ya mamangu. Mvua zikiwepo nakinga ya bati, zisipokuwepo nanunua mtungi wa lita 20 kwa watu wa mikokoteni, unatosha baiskeli moja na unabaki wa kunawia miguu. Nikipita ufuoni naimwagia siku hiyo hiyo, singoji jumamosi.

Haya, vitu vyenyewe sasa. Sabuni ya kupuliza ni nzuri, inanukia, haina makuu. Inatoa povu hata na maji ya kisima ambapo sabuni ya mche inakataa kabisa, lakini sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ya hapa dukani nayo inatoa povu lile lile kwa bei ya chini, chupa iliisha mwezi wa tisa na sijaikumbuka. Dawa ya kukata grisi inafanya kazi, mafuta ya taa na mswaki wa zamani pia yanafanya kazi, tofauti ni kwamba hii ya dukani inatoka na maji na ile ya taa inabidi uifute na uiwache ipeperuke ndio utie oili, na zote mbili usizipulizie kwenye ekseli utatoa grisi uliyoilipia.

Brashi ndio habari. Tatu: moja laini pana ya fraimu, moja ndefu nyembamba kama ya kuoshea chupa ya mtoto inapita katikati ya spoku na nyuma ya kranki pale kidole hakifiki, na ya tatu upande mmoja ina nywele ngumu na upande wa pili ina ukucha wa plastiki uliopinda, huo ukucha unauingiza kati ya meno ya frihwili unakokota, na inatoka takataka sijui niiteje, nyuzi za katani, mchanga, nywele, kipande cha kifuko cha mahamri, vyote vimeshikana na oili kama halua iliyoungua. Mswaki haufanyi hivi. Kijiti cha mshakiki nimejaribu kinavunjika. Fundi alipouona aliuazima "dakika mbili" ukarudi baada ya siku nne, na huo ndio ushahidi wangu.

Oili ina maneno mawili. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, mvua, matope ya Sabaki, umande wa chumvi, ile oili haikutoka. Ni nzito kama asali ya nyuki wadogo, unatia tone moja moja kila kiungo cha cheni, unazungusha pedali kinyume, unaiwacha usiku, asubuhi unafuta nje yote kwa tambara kama vile unaijutia, manake inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani. Nikanyeshewa siku tatu mfululizo na cheni kimya kabisa, nasikia tairi tu. Hapo naipa kumi juu ya kumi. Lakini kaskazi ilipoingia, vumbi, jua, mchanga mkavu, jamani. Kila punje ya mchanga kutoka Barani mpaka Mambrui ilipanda pale ikakaa. Kwa wiki moja cheni ikawa nyeusi ina uji wa mchanga, na uji huo ni msasa, unakula chuma kila unapopiga pedali. Suruali moja ya kazi nimeipoteza mguu wa kulia. Nimerudi kwenye mafuta ya cherahani ya mamangu, mepesi, hayashiki mchanga, ila baada ya siku tatu nne cheni inaanza kulia kama kifaranga unatia tena. Kwa hivyo ukiniuliza oili ya theluji inafaa Malindi, nakwambia inafaa kwa kusi, kaskazi ifungie kabatini.

Na usidanganyike na picha kwamba imeng'aa, pima cheni. Chukua tepu ya chuma ya seremala, anza katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele, cheni mpya inasoma inchi 12 kamili. Ikizidi 1/16 nunua nyingine, ikizidi 1/8 ushachelewa, ishakula na meno ya frihwili utanunua vyote viwili. Cheni yangu ya kabla ya hii ilifika 1/8 kwa miezi minane, na huo ni wakati nilikuwa naosha kwa mashine. Hii ya sasa niliifunga mwezi wa sita, ina miezi saba sasa pamoja na ujinga wangu wa kisima na haijafika 1/16.

Mashine, eeh. Nilikuwa naipeleka kawoshi moja ya magari, nisiitaje, shilingi 50 na dakika tano umemaliza. Yule kijana anaisogeza ile mashine ya presha karibu kabisa na ekseli ya pedali anashindilia, uchafu unaruka, unafurahi, kumbe maji yamepita kwenye sili yamefukuza grisi ndani. Baada ya wiki mbili kila nikikanyaga inasaga kama mtu anatafuna karanga. Golori zilitoka zina rangi ya chai ya maziwa. Nilipowarudia waliniambia baiskeli si gari, nami nikawajibu ndio nilivyokuwa najaribu kuwaambia.

Juzi dada aliuliza wakija tena walete nini. Nimemwambia ile brashi ya ukucha, mbili, ya pili ya fundi, na chokoleti za mama. Sabuni wabaki nayo.