Posa ya uongo, mwezi mmoja London, na usingizi wangu uliorudi

Kila mwaka wa fedha unapofungwa, narudi nyumbani saa tatu usiku na tarakimu bado zinazunguka kichwani. Msimu huo kitabu kizito sikiwezi. Safari hii nilichukua Cotillion, riwaya ya mapenzi ya mwandishi Mwingereza Georgette Heyer, iliyotoka mwaka 1953, kwa muuza vitabu vya mtumba. Jalada lilikuwa limepauka lakini kurasa zote zipo. Nilikimaliza kwa siku nne, nikakianza upya.

Kitty Charing ni yatima aliyelelewa na mzee tajiri, bahili kupindukia. Mzee anatangaza wosia wake: mali yote ni ya Kitty, mradi aolewe na mmoja wa wajukuu wa ndugu zake. Akikataa, hapati kitu. Jack, mmoja wao, ambaye Kitty anampenda tangu utotoni, hata kufika kumposa hafiki. Kitty anamwomba Freddy, binamu ya Jack, wajifanye wachumba ili apate mwezi mmoja tu wa kukaa London.

Freddy ndiye aliyeniteka. Riwaya nyingi za mapenzi nilizosoma humpa ushindi mwanaume mkali mwenye macho ya kiburi, na mwanamke ndiye wa kumtuliza. Heyer anampa nafasi kijana mpole anayejua rangi ipi inamkaa msichana, nani aalikwe na nani asialikwe, na jambo gani wenzake wote wamelisahau. Akipelekwa kutazama zile sanamu za Kigiriki zilizoletwa Uingereza na balozi wao Lord Elgin, anafadhaika kweli kwamba hazina vichwa! Nilicheka peke yangu mpaka nikaamsha watu. Halafu, ukurasa kwa ukurasa, nikaona kwamba kujali kwake mambo madogo ndiyo mapenzi yenyewe.

Hadithi ni ya enzi ya Regency, 1811 hadi 1820, mfalme George III alipokuwa mgonjwa na mwanawe akitawala kwa niaba yake. Wakati huo kulikuwa na ukumbi wa dansi uitwao Almack's, ambako kina mama wachache wa tabaka la juu waliamua nani apewe cheti cha kuingia. Fedha peke yake haikutosha. Kwa kanuni kama hizo, kosa dogo la adabu linakuwa jambo la kuhangaisha familia nzima, na hakuna anayekufa kwalo. Hapo ndipo ninapopumzikia.

Kwa jicho la mhasibu, napenda pia kwamba suala la fedha halifichwi. Kwao mahari ilitoka upande wa bibi harusi, na akishaolewa, kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa mume. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini wosia wa mzee unawasafirisha wanaume kwenye baridi kwenda kuposa.

Sura ya kwanza ni ndefu, ndugu wamekaa wanabishana, vumilia. Kiingereza chake kimejaa misemo ya mitaa ya enzi hizo, mingine niliikisia tu. Na lipo linaloniuma: watumishi wanapita kama vivuli, na hakuna anayeuliza utajiri wa tabaka lile ulitoka wapi, ilhali miaka hiyo Waafrika wenzetu walikuwa bado watumwa kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica. Nakipenda kitabu hiki na hilo nalikumbuka, yote mawili.

Kama umechoka na unataka kitu cha kukufanya ucheke kabla ya kulala bila kudharau akili yako, kitafute. Changu amekichukua mdogo wangu. Kila jioni ananitumia ujumbe kuniuliza kama Jack atabadilika, nami sijamjibu.