Bima ya afya serikali za mitaa: mchango sawa kwa wote au asilimia ya mshahara?

Mchango wa kiasi kimoja kwa kila mtumishi una faida moja: ni rahisi kwa mhasibu. Lakini mkurugenzi akilipwa mara kumi ya mfagiaji, makato yanayokula asilimia 6 ya mshahara wa mfagiaji ni asilimia 0.6 tu kwa mkurugenzi. Hiyo si haki, hata kama kadi zao zinatoa huduma zilezile.

Asilimia hufuata uwezo, na mchango hupanda wenyewe mishahara ikipanda. Wenye vyeo hulalamika kwamba wanawabeba wenzao. Ni kweli, na kubebana ndiyo kazi ya bima. Cha kuangalia ni posho. Makato yakihesabiwa kwenye mshahara wa msingi pekee, wenye posho nono watachangia chini ya uwezo wao. Mimi ningezijumuisha.